Ziwa Halihami: Ushauri kwa Wanaojiandaa kwa Maswali ya Dira na Mageuko

Mtu atokaye Bibokoboko, katika nyanda za kati za Fizi, huku kwetu Kongo, akishika njia ya kuteremkia Baraka, hana haja ya kumwuliza mtu mashariki ni wapi, kwa kuwa Ziwa Tanganyika liko mbele yake chini, na tangu alipopata fahamu ameliona jua likichomoza upande huo, asubuhi baada ya asubuhi, bila ya kuvunja ahadi yake hata siku moja. Lakini kijana huyu huyu, ambaye usiku wa giza hufuata njia ya kondeni bila taa wala asipotee, akiketishwa penye dawati na kusomewa kwamba mtu fulani alikuwa ameelekea kusini, akageuka kulia, akageuka kulia tena, kisha akageuka kushoto, na sasa yampasa aseme mtu huyo ameelekea wapi, aghalabu hutoka jasho, akaigeuza karatasi huku na huku, akapinda shingo, na mwisho akaandika jibu la kubahatisha. Jibu ni magharibi. Na makusudi ya makala hii ni kumwonyesha kijana huyo, pamoja na kila msomaji mwenye mtihani wa namna hii mbele yake, kwamba maarifa anayoyatafuta kwa taabu katika karatasi anayo tayari katika miguu yake, ila hajafundishwa namna ya kuyaita yakaitika.

Maswali haya hayakuzuka jana. Alfred Binet na Théodore Simon walipotoa kipimo chao cha akili huko Paris mwaka 1905 walifungua mlango ambao wengi waliupitia baada yao. Na Lewis Terman na Maud Merrill wa Chuo Kikuu cha Stanford, huko Marekani, walipokitengeneza upya kipimo hicho mwaka 1937, walitia ndani yake maswali ya jiha, yanayomtaka mtu aseme uso wake uelekee wapi ili mkono wake fulani uwe upande fulani. Tangu zama hizo maswali ya jinsi hii yameenea katika majaribio ambayo waajiri na watoaji wa ufadhili wa masomo huyatumia kuwachuja waombaji, na sababu yake ni ya insafu: hayahitaji elimu ya vitabu vingi, bali hupima kama mtu aweza kushika hali moja moyoni, akaibadili hatua kwa hatua kama alivyoamriwa, pasipo kuipoteza njiani. Vijana wa nyanda zetu, Wabembe kwa Wanyamulenge, Wanyindu kwa Wafuliru, ambao vita vimewatawanya wengine Baraka, wengine Uvira, wengine ng'ambo ya ziwa katika kambi za Tanzania, hukutana na maswali haya kwa mara ya kwanza mbele ya wageni, siku ambayo riziki yao imetundikwa juu ya majibu yake. Si haki mtu kukosa mlango wa riziki kwa jambo linaloweza kufundishwa kwa kijiti na mchanga katika muda wa juma moja.

Shina la kosa ni moja, na alijuaye amekwisha kufika nusu ya safari. Lugha ina maneno ya namna mbili ya kutajia upande. Namna ya kwanza ni maneno ya ulimwengu, nayo ni kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, ambayo hayamjali mtu: akisimama, akilala, akizunguka mpaka apate kizunguzungu, mashariki hubaki palepale. Namna ya pili ni maneno ya mwili, nayo ni kulia, kushoto, mbele na nyuma, ambayo humfuata mwenyewe kama nguo aliyoivaa, akigeuka nayo yamekwisha kugeuka. Wazee wa pwani waliitofautisha mitaa hii miwili ya maneno kwa uangalifu mkubwa, maana nahodha aliyeichanganya alizamisha mali na roho za watu. Kwa ajili ya chombo alikuwa na omo na tezi, yaani mbele na nyuma yake, maneno ambayo hugeuka kila usukani ugeukapo. Na kwa ajili ya bahari na mbingu alikuwa na kibla, suheli, matlai na maghribi, maneno yasiyoyumba hata chombo kikizunguka mara mia. Kibla ilikuwa jina la kaskazini kwa sababu Makka iko kaskazini ya pwani yetu, na suheli ilikuwa jina la kusini kwa sababu ya nyota ing'aayo upande huo; matlai ni mashariki, na maghribi ni magharibi. Na hata haya maneno kaskazini na kusini tunayoyatumia kila siku ni zawadi ya pepo mbili za bahari, kaskazi na kusi, yaliyosafiri na misafara hadi Ujiji, yakavuka ziwa, yakafika mpaka milima ya Fizi, ambako hakuna nahodha azingojaye pepo hizo.

Basi kanuni ya kwanza, ambayo zilizobaki zote ni watoto wake, ni hii: ulimwengu utulie, mtu ndiye ageuke. Anayekosea hufanya kinyume chake bila ya kujua. Kila aambiwapo kwamba msafiri amegeuka, yeye huizungusha dunia nzima pamoja naye, na baada ya mageuko matatu hakuna tena kilicho mahali pake, mithili ya nyumba ambayo mtoto amehamisha kila chombo, naye mama akija usiku kutafuta kibiriti hakipati.

Niruhusu msomaji nikusimulie somo moja lililonifundisha mimi mwalimu zaidi ya lilivyowafundisha wanafunzi wangu. Nilikuwa nimeketi na vijana wawili chini ya mwembe, Baraka, mmoja mzaliwa wa Bibokoboko, wa pili mtoto wa wazazi waliokimbilia ng'ambo, akakulia Ujiji. Nikawauliza: mtu ameelekea ziwani, akageuka kushoto, sasa ameelekea wapi? Wa Bibokoboko akajibu upesi, kaskazini. Wa Ujiji akajibu upesi vilevile, kusini. Wakatazamana, na kila mmoja alikuwa na yakini.

“Mwalimu,” akasema wa kwanza, “ziwa ni moja. Mmoja wetu amekosea.”

Nikachukua kijiti, nikachora ziwa mchangani, refu na jembamba kama lilivyo, nikatia nukta moja upande wa kushoto wa mchoro na nyingine upande wa kulia, nikawaambia kila mmoja asimame penye nukta ya kwao na kuyatazama maji. Wa Ujiji akatazama chini, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kwetu jua hulala ndani ya maji.” Mwenzake akamjibu, “Kwetu huamka humo.” Hapo wote wawili wakacheka, kwa kuwa walikuwa wameliona jambo lenyewe: mkono wa kushoto ni ule ule, ziwa ni lile lile, lakini aliye magharibi ya maji na aliye mashariki ya maji hawawezi kupata jibu moja mpaka wakubaliane wamesimama wapi. Hakuna aliyekosea, kilichokosekana ni nanga.

Kwa hiyo nakunasihi, wewe usomaye ukiwa upande wetu wa Fizi, ufanye ziwa kuwa nanga yako. Simama uso wako ukilielekea: mbele yako ni mashariki, mkono wako wa kushoto ni Uvira, nayo ni kaskazini, mkono wako wa kulia ni Kalemie, nayo ni kusini, mgongo wako umeipa milima ya Itombwe, nayo ni magharibi. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 673, na ingawa limeinama kidogo badala ya kusimama wima, kwa haja ya mtihani ni rula ya kutosha ambayo Mungu ameilaza kutoka kaskazini hadi kusini. Uliye Kigoma au Ujiji, geuza: mbele ya uso wako ni magharibi, mkono wa kulia ni kaskazini. Chagua nanga moja, uishike tangu mwanzo wa swali hata mwisho, wala usiibadili katikati.

Wala mtu asikuambie kwamba desturi ya watu wa milimani ya kusema “upande wa kupanda” na “upande wa ziwani” ni ushamba. Stephen Levinson na wenzake wa taasisi ya Max Planck iliyoko Nijmegen, Uholanzi, walizichunguza kwa miaka mingi lugha ambazo watu wake hutaja mahali pa vitu kwa jiha za ulimwengu kuliko kwa kulia na kushoto: Wagugu Yimithirr wa Australia, ambao hata kitu kilicho karibu na mguu wa mtu hukitaja kwa kaskazini au kusini; na Watzeltal wa milima ya Tenejapa huko Mexico, ambao husema cha upande wa kupanda na cha upande wa kushuka hata wanapotaja vyombo vilivyo mezani. Waliona kwamba watu wa lugha kama hizo hubeba dira vichwani mwao daima. Aliyezaliwa kwenye mteremko wa Bibokoboko ana johari hiyo hiyo mfukoni, nami namsihi asiitupe mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Baada ya nanga huja gurudumu. Andika jiha nne kwa duara, kaskazini juu ya karatasi, mashariki kulia, kusini chini, magharibi kushoto. Kila mgeuko wa kulia ni hatua moja ya kufuata akrabu za saa: kaskazini huwa mashariki, mashariki huwa kusini, kusini huwa magharibi, magharibi huwa kaskazini. Kila mgeuko wa kushoto ni hatua moja ya kurudi nyuma kwa njia ile ile. Kugeuka nyuma kabisa ni hatua mbili, na hatua nne ni sawa na kutogeuka. Sasa mageuko hata yawe mengi hayakutishi tena, maana hayafuatwi moja moja bali huhesabiwa kama fedha: kulia ni mapato, kushoto ni matumizi. Mtu ameelekea kaskazini. Anageuka kulia mara tatu, kushoto mara moja, kulia mara mbili, kisha anageuka nyuma. Mapato ni tano, matumizi ni moja, kugeuka nyuma ni mbili za kuongeza, jumla sita; ondoa nne, zimebaki mbili; kutoka kaskazini hatua mbili ni kusini. Kijana aliyezoea hesabu hii hujibu kabla jirani yake hajamaliza kupinda shingo.

Maswali mengine hutaja nyuzi badala ya kulia na kushoto tupu, nayo hufuata daftari lile lile, ila noti zimevunjwa kuwa sarafu: mgeuko mmoja kamili ni nyuzi 90, nusu yake ni 45, na mzunguko mzima ni 360. Tuseme mtu ameelekea kusini, akageuka nyuzi 135 kulia, kisha nyuzi 270 kushoto. Usimfuate, toa moja katika nyingine, na utaona kwamba amebakiwa na nyuzi 135 za kushoto. Kutoka kusini, nyuzi 90 za kushoto humfikisha mashariki, na 45 zilizosalia humfikisha kaskazini-mashariki, basi yamekwisha.

Yanayowaangusha watu wengi zaidi ni maswali ya safari, yenye mageuko na masafa pamoja, na hapa nataka tukae kidogo. Mama mmoja anatoka nyumbani na kikapu cha maharagwe, anakwenda kilomita 5 kuelekea mashariki, anageuka kulia na kwenda kilomita 4, anageuka kulia tena na kwenda kilomita 2, hapo anatua mzigo. Kabla ya kuchora chochote, soma sentensi ya mwisho ya swali, kwa sababu katika hadithi hii moja mmejificha maswali matano tofauti, na kila moja lina jibu lake. Ukiulizwa ametembea umbali gani, jumlisha tu: kilomita 11. Ukiulizwa uso wake umeelekea wapi, sahau masafa na uhesabu mageuko: kutoka mashariki, kulia mara mbili, ni magharibi. Ukiulizwa yuko umbali gani kutoka nyumbani, fungua mifuko miwili, mmoja wa mashariki na magharibi, wa pili wa kaskazini na kusini, wala usichanganye fedha zake. Katika mfuko wa kwanza alitia 5 za mashariki, akatoa 2 za magharibi, zimebaki 3. Katika mfuko wa pili zimo 4 za kusini. Kwa kanuni ya Pythagoras, 3 mara 3 ni 9, na 4 mara 4 ni 16, jumla 25, na kipeuo chake cha pili ni 5. Basi yuko kilomita 5 kutoka kwake. Ukiulizwa yuko upande gani wa nyumba, ni kusini-mashariki. Na ukiulizwa nyumba iko upande gani wake yeye, ni kaskazini-magharibi, yaani kinyume kabisa. Maswali haya mawili ya mwisho hufanana kama mapacha, na nimeona wanafunzi hodari, waliofanya hesabu yote sawasawa, wakipoteza alama kwa kumjibu pacha asiyeitwa.

Dawa ya kosa hilo ni ndogo nayo ni hii: usichore mstari wowote pasipo kuutia ncha ya mshale. Mstari una miisho miwili, na mstari usio na ncha haujasema neno. Somo hili limeandikwa katika historia ya ziwa letu wenyewe. Mwaka 1858 wasafiri wa Ulaya Richard Burton na John Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi, wakapita Ubwari, rasi iliyo mbele ya Baraka, ambayo wao waliidhani kuwa kisiwa, wakafika Uvira wakitumaini kwamba mto Rusizi ulitoka ziwani kwenda kaskazini. Hapo wenyeji wakawaambia kwamba mto huo unaingia ziwani, wala hautoki, nao wakarudi pasipo kufika kwenye mlango wake. Mjadala ukadumu miaka 13, mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa wakayaona maji yakiingia. Na mwaka 1874 Verney Lovett Cameron akauona mto Lukuga, ulio njia ya maji kutoka ziwani upande wa magharibi. Mabwana wakubwa wa Ulaya, wenye dira za thamani, walijadiliana juu ya mto ambao mstari wake waliujua vizuri. Kilichokosekana ni ncha ya mshale tu, na ncha hiyo mvuvi yeyote wa Uvira alikuwa nayo.

Ziko namna nyingine za maswali ambazo hutumia vitu badala ya mageuko, nazo nitazipitia upesi isipokuwa pale penye mtego. Ya kwanza ni ya kivuli. Asubuhi jua liko mashariki, kwa hiyo kivuli huangukia magharibi. Jioni ni kinyume. Watu wawili wanatazamana asubuhi baada ya jua kuchomoza, na kivuli cha mmoja kinaanguka mkono wake wa kulia; ameelekea wapi? Kulia kwake ni magharibi, na mtu ambaye kulia kwake ni magharibi hana budi kuwa ameelekea kusini. Mwenzake, basi, ameelekea kaskazini. Lakini jihadhari na adhuhuri. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya husema kwamba kivuli cha adhuhuri huangukia kaskazini, na huko kwao ni kweli; kwetu Fizi, tulio takriban nyuzi 4 kusini ya ikweta, jua la adhuhuri huinamia kaskazini tangu Machi hata mwanzo wa Oktoba, na kivuli huangukia kusini, kisha miezi iliyobaki mambo hugeuka.

Ya pili ni ya upepo, ambao jina lake hutajwa kwa utokako, si kwa uendako. Upepo wa kusi hutoka kusini. Moshi wake, basi, huelekea kaskazini. Mtu hujielekeza kwa aendako, upepo hujulikana kwa utokako, na swali hupenda kuwaweka pamoja mtu na upepo ili ujisahau.

Ya tatu ni ya saa, na hapa msemaji wa Kiswahili ana mtego wake peke yake ambao mwingine hana. Ukiulizwa: ni saa tisa kamili alasiri, akrabu ya dakika imeelekea kaskazini-mashariki, je, akrabu ya saa imeelekea wapi? Ulimi wako umesema tisa, na jicho lako litaikimbilia tarakimu ya 9 usoni pa saa, ukajibu kaskazini-magharibi, ukakosa. Saa tisa yetu ni pale akrabu fupi iliposimama penye 3, robo ya mzunguko mbele ya akrabu ndefu. Na robo ya mzunguko kutoka kaskazini-mashariki, kwa kufuata akrabu, ni kusini-mashariki. Kila uonapo saa katika swali la jiha, chora uso wa saa kwanza, kisha ndipo uamini maneno.

Ya nne ni ya dira iliyoharibika, ambayo huwatia watu hofu bure. Dira imepinda hata alama yake ya mashariki inaonyesha kusini. Msafiri anaifuata akidhani anakwenda magharibi. Kwa kweli anakwenda wapi? Hapa tu ndipo ulimwengu unapogeuka, lakini hata katika kugeuka kwake una adabu, maana jiha zote hugeuka kwa kiasi kimoja. Mashariki imekuwa kusini, yaani hatua moja ya kulia. Kwa hiyo kila jiha imesogea hatua moja ya kulia, na magharibi yake ni kaskazini. Tafuta kiasi cha upotofu mara moja, kisha mtie kila mtu katika kiasi hicho hicho.

Sasa neno juu ya lugha, kwa kuwa mitihani mingi ya kwetu Kongo huandikwa kwa Kifaransa, na wengi hufikiri kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama huku wakisoma kwa Kifaransa. Nimemwona mwanafunzi akimgeuza msafiri kulia mahali ambapo swali limemwamrisha aendelee moja kwa moja, kwa sababu “tout droit” na “à droite” zilimfanania. Na “est” na “ouest”, zikisomwa kwa haraka, ni herufi mbili tu zinazotenga jua lichomozapo na jua lichweapo. Mbele ya swali la Kifaransa, pita kwanza na kalamu, uandike juu ya kila neno la jiha herufi ya Kiswahili: K, S, M na G kwa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na alama ndogo ya mshale kwa kulia na kushoto. Na wewe ambaye nyumbani mnasema mkono wa kuume badala ya kulia, hilo ni Kiswahili safi cha zamani, lisikutie haya. Ila hakikisha moyoni kwamba kuume na kulia ni mkono mmoja, ule wa kula, ili siku ya haraka usije ukasita. Tena, unaposoma kwamba mji uko “kusini mwa” nchi, uliza kama maana yake ni ndani ya nchi hiyo upande wa kusini, au nje yake. Mwandishi mwangalifu husema “kusini ya” kwa kilicho nje, lakini si waandishi wote walio waangalifu.

Mazoezi yenyewe yawe ya daraja tatu. Siku mbili za kwanza fanya kwa miguu: simama uwanjani, mwenzako akusomee swali, nawe ugeuke kweli kweli na kutembea hatua badala ya kilomita, mpaka mwili ujue. Siku mbili za pili fanya kwa kijiti na mchanga, wewe umesimama tuli na kijiti ndicho kinachosafiri. Siku tatu za mwisho fanya kwa kalamu na karatasi, na karatasi usiigeuze kamwe, kwa maana anayeigeuza karatasi amekwisha kuuzungusha ulimwengu. Maswali matano kwa siku, yaliyofanywa kwa kituo na kusahihishwa, ni bora kuliko hamsini ya kukimbiliwa. Ukikosa, usifute, bali rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka upate mgeuko ule uliokupoteza, maana kila mtu ana mgeuko wake mmoja umpotezao, na kwa wengi ni wa mtu aliyeelekea kusini, ambaye kulia kwake ni kushoto kwa msomaji wa karatasi. Kwa huyo, jitie wewe mwenyewe ndani ya karatasi, uso wako chini, ndipo umgeuze.

Yule kijana wa Bibokoboko alikwenda kufanya mtihani wake katika mji ambao hakuwahi kuuona, ndani ya chumba kisicho na dirisha, hata asingeweza kujua jua lilikuwa upande gani. Aliporudi nilimwuliza alianzaje. Akaniambia kwamba kabla ya kusoma swali lolote alichora mstari mmoja mrefu ukingoni mwa karatasi yake ya rasimu, upande wa kulia, kutoka juu hata chini, na msimamizi aliyekuwa akipita alisimama akamwuliza kwa upole mstari ule ni wa nini.

“Nikamjibu, Mwalimu, kwamba ni ziwa.”